Taji la Majilio: majani kukauka, mishumaa kuanguka

Dada, unauliza kwa nini taji lenu la Majilio (duara la majani mabichi na mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya kungojea Krismasi) limekauka na mishumaa yake inaanguka. Limekauka kabla ya Jumapili ya pili kwa sababu majani yamekaa bila maji, na majani makavu kando ya moto ni hatari kweli. Chukua sinia la bati, weka mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 5, ili ushike mishumaa. Didimiza mishumaa minne hadi iguse chini, ndipo uchomeke vitawi vya mvinje au msonobari. Nyunyiza maji kila siku. Vikianza kupukutika mkononi, badilisha.

Mishumaa mitatu ni ya zambarau. Wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, ya furaha. Ule wa kwanza huwashwa wiki zote nne, hivyo uuzime mara sala inapokwisha. Watoto wapokezane kuuzima.