Nilipolikuta neno «rieko» katika darasa la saikolojia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni somo gani la mwaka wa kwanza chuoni lililotulazimu kuacha jambo tuliloliamini tangu utotoni. Kwangu mimi ni Utangulizi wa Saikolojia, somo nililolisoma hapa Kisumu nikijiandaa kuwa mwalimu, na jambo lenyewe ni imani kwamba akili ya mtoto yote imo katika ripoti yake ya mwisho wa muhula.

Imani hiyo sikuzaliwa nayo. Katika shule ya msingi niliyosoma, siku ya kufunga shule majina yalisomwa gwarideni kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na la mwisho katika darasa letu mara nyingi lilikuwa la binamu yangu, ambaye tulilelewa pamoja kwa nyanya yetu karibu na Bondo. Mimi nilipigiwa makofi. Yeye aliinama akatazama vidole vya miguu yake. Lakini mtoto wa jirani aliposhikwa na tumbo, binamu huyo ndiye aliyetumwa kichakani, naye alirudi na majani aliyoyachagua moja moja, akiligeuza kila jani na kulikagua upande wa chini kabla ya kulitia chunguni. Nilimwona akifanya hivyo miaka mingi, na hata siku moja haikunijia kwamba ninachokitazama ni akili.

Chuoni, mada ya akili ilianza na Alfred Binet, ambaye mwaka 1905, akiwa Paris pamoja na Théodore Simon, alitunga jaribio la kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet hakuamini kwamba alama zile zinapima kitu kisichobadilika. Waliokuja baada yake, hasa Marekani, ndio waliozigeuza kuwa kipimo cha thamani ya mtu. Niliposikia hayo nililikumbuka gwaride letu, kwa sababu chombo kilichoundwa ili mtoto asaidiwe ndicho tulichokitumia kumwaibisha.

Kisha tukafika kwenye utafiti wa Robert Sternberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, na nikasikia jina la Usenge, mji wa ufuoni ambao sisi wa Bondo tunaujua vizuri. Watafiti hao waliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 kwa majaribio ya kawaida ya akili na ya masomo, halafu wakawapima pia ujuzi wao wa dawa za mitishamba. Waliozijua dawa vyema zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati na katika masomo ya shule. Nakiri kwamba macho yalinilenga machozi pale darasani. Hata hivyo, somo hilo hilo lilikuwa limetufundisha kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine, kwa hiyo nisingependa msomaji adhani kwamba mitishamba huharibu masomo au kwamba shule haina faida. Maelezo ya watafiti wenyewe ni kwamba muda na juhudi za mtoto huelekezwa kule ambako jamii yake inaona manufaa, na kwa familia nyingi za kijijini manufaa hayo hayakuwa katika kuendelea na shule.

Kundi hilo lilichunguza pia maneno ambayo Wajaluo hutumia kumweleza mtoto mwenye akili: rieko, yaani maarifa na ustadi, luoro, heshima, winjo, uelewa, na paro, wepesi wa kubuni na kuanzisha jambo. Ripoti zetu za shule zilitoa alama kwa sehemu tu ya lile la kwanza.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilimwomba binamu yangu msamaha, kisha nikamsimulia habari za Usenge. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama wale watafiti waliwauliza watoto majina ya majani tu au pia kiasi cha kumpa mgonjwa, kwa kuwa, alisema, anayejua jina bila kipimo bado hajajua dawa. Nilifurahi kumjibu kwamba kipimo nacho waliwauliza.