Nimeomba hofu iondoke, mbona haiondoki?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 29, na kazi hii nimeifanya miaka 9. Tangu mwaka juzi moyo unanisukuma nifundishe mabinti wa mtaani kwetu walioacha shule, hasa waliozaa mapema. Wazazi watatu wameshanifuata wenyewe wakiniomba niwachukulie watoto wao. Nilinunua mikasi mitatu na tepu nne, nikaviweka kwenye katoni chini ya kitanda, na viko huko tangu mwezi wa tatu. Kila nikitaka kuanza kuna sauti inaniambia: wewe nani, darasa la saba, huna hata cheti, utawapotezea watoto wa watu muda wao. Wateja wakinisifia naona wananionea huruma tu. Mdogo wangu nilimfundisha akiwa likizo, sasa anashona sare za shule kule Kilosa, lakini yule ni ndugu. Nimefunga, nimeombewa. Mtumishi mmoja aliniambia hofu ni dalili ya imani ndogo, akanipa zoezi la kusimama mbele ya kioo kila asubuhi nijitamkie kwamba mimi ni mshindi. Nimefanya wiki sita na najisikia vibaya kuliko mwanzo. Nitajuaje kama sauti hii ni Mungu ananizuia au ni hofu yangu? Na kitaalamu, kujiamini kunatengenezwaje?

Fundi, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na hicho kioo, maana naona ndicho kilichokuumiza zaidi na hakuna aliyekupa pole.

Hukukosea zoezi. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilohilo. Waliwapa watu sentensi ya kujisifia wairudierudie. Waliokuwa wanajithamini tangu awali walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wanajidharau wakatoka wakijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuirudia kabisa. Ukiangalia vizuri utaona kwa nini. Unapomwambia mtu aliyeumia moyoni kwamba yeye ni mshindi, moyo wake unajibu hapohapo, unaanza kumhesabia mara zote alizoshindwa. Wewe umebishana na moyo wako kila asubuhi kwa wiki sita, na kila asubuhi moyo ndio umekuwa na neno la mwisho. Lazima uchoke. Acha zoezi hilo kuanzia leo, na usijihukumu kwa kuliacha.

Sasa kitaalamu kujiamini kunatengenezwaje. Mtu aliyelichambua hili kwa kina ni Albert Bandura, Mkanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1977 alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake inatoka kwenye vyanzo vinne: yale aliyoyafanya mwenyewe yakafanikiwa, yale aliyoona watu wa hali yake wakiyafanya, maneno anayoambiwa, na jinsi mwili wake unavyojisikia wakati huo. Kinachozidi vyote nguvu ni hicho cha kwanza. Yeye na wenzake walifanya kazi na watu waliokuwa wanaogopa nyoka kupita kiasi. Baadhi waliangalia tu mtu mwingine akimshika nyoka. Wengine walisaidiwa kumkaribia wenyewe hatua kwa hatua, mtaalamu akiwa pembeni, mpaka wakamshika kwa mikono yao. Hao walioshika ndio waliotoka na ujasiri mkubwa zaidi. Hawakuungoja ujasiri uje kwanza ndipo wanyooshe mkono. Mkono ulitangulia, tena ukitetemeka, na ujasiri ukafuata nyuma.

Angalia wewe umekuwa ukichota wapi. Maombezi ya kutamkiwa, kioo, sifa za wateja: karibu yote ni maneno. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote umekifungia kwenye katoni.

Hiyo katoni nayo niiseme. Ulipoisukuma chini ya kitanda mwezi wa tatu, nina hakika ulisikia nafuu. Kifua kililegea, ukalala vizuri usiku ule. Nafuu hiyo ndiyo mshahara wa hofu. Kila ukiahirisha unailipa, na kitu kinacholipwa kinarudi kazini kesho yake. Ndiyo maana mwezi wa nne ilikuwa vigumu kuanza kuliko mwezi wa tatu, na mwezi wa tano vigumu zaidi. Hapo hakuna laana wala udhaifu wa tabia. Hivyo ndivyo mwili wa binadamu unavyojifunza kukwepa, na unajifunza kukabili kwa njia hiyohiyo, kidogokidogo.

Nije kwenye sauti. Mimi ni mnasihi, si mchungaji, na sitajifanya najua Mungu anasema nini na wewe. Lakini nimekaa na watu wengi wenye swali kama lako, na kuna kipimo ninachokiamini. Andika maneno ya ile sauti kwenye daftari neno kwa neno, usiyapambe. Kisha kila sentensi uiulize: hili linaweza kupimwa na kufanyiwa kazi? Chukua "huna cheti". Linapimika. Ni kweli huna, na kuna la kufanya. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anaongezewa anachopungukiwa na kupewa cheti. Nenda ofisi yao ya hapo Morogoro ukaulize. Uulize pia kuhusu usajili kabla hujafikiria kuweka kibao cha chuo, maana kumpokea mwanagenzi mmoja kwenye banda lako na kufungua kituo cha mafunzo ni mambo mawili tofauti. "Utawapotezea muda" nalo linapimika: unapanga binti awe amejua nini baada ya mwezi, kisha unaangalia kama amejua.

Sasa chukua "wewe nani". Limejaa sumu, lakini halina kitu cha kushika. Utalipimaje? Ukipata cheti litasema cheti chenyewe cha kupimwa tu, hukusomea. Ukipata wanafunzi kumi litasema ni kwa sababu hulipishi pesa nyingi. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza hali hii mwaka 1978 huko Marekani, baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa, wengi wao wasomi wa juu kabisa, ambao pamoja na shahada zao zote waliamini kwamba wamewadanganya watu na siku moja wataumbuka. Shahada hazikuwanyamazishia sauti. Kwa hiyo cheti katafute, kitakusaidia kazini, ila usikitume kazi ambayo hakiiwezi.

Zuio la kweli, nionavyo mimi, hutaja kitu na huacha njia. Linasema subiri mtoto aache kunyonya, au lipa kwanza deni la kodi ya banda, na ukilitimiza linanyamaza. Hofu hainyamazi kwa jibu lolote. Halafu usisahau kwamba sauti moja inakukataza ukiwa peke yako usiku, na wazazi watatu wamekufuata mchana kweupe wakiwa na akili zao timamu. Kama unamtafuta Mungu kwenye jambo hili, kwa nini umsikie kwenye sauti ile tu, usimsikie kwa hao watatu? Jirani zetu Waislamu wakiwa na jambo zito huswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu awaongoze kwenye lililo jema, na bado wanataka ushauri wa watu wanaowaamini. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Sasa hili la imani ndogo. Limenikaa moyoni tangu niliposoma barua yako, kwa sababu nimeona watu wakibeba mzigo huo miaka na miaka. Fungua Kutoka sura ya 3. Musa anaitwa, na neno lake la kwanza la kujitetea, mstari wa 11, ni lilelile la sauti yako: mimi ni nani hata niende kwa Farao? Jibu analopewa mstari wa 12 nimelisoma mara nyingi na bado linanigusa. Mungu hamsifii hata kidogo. Hamwambii kwamba yeye ni shujaa, wala kwamba alisoma kwenye nyumba ya mfalme. Anamwambia, nitakuwa pamoja nawe. Swali lilikuwa la "mimi ni nani", na jibu likahamia kwa nani anakwenda naye. Mbele kidogo Musa bado anasitasita, analalamikia ulimi wake mzito, na anapewa Haruni amsaidie kusema.

Qurani nayo, katika sura ya Taha, inamwonyesha Musa akiomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, afunguliwe fundo la ulimi, na apewe Haruni ndugu yake awe msaidizi. Anakubaliwa maombi yake. Na bado, aya chache mbele, yeye na Haruni wanasema wanaogopa Farao atawadhuru. Wanaambiwa wasiogope, kwani Mwenyezi Mungu yuko pamoja nao, anasikia na anaona. Kisha wanaambiwa waende. Hofu ilikuwapo hata baada ya dua kujibiwa, na safari haikuahirishwa kwa ajili yake.

Soma pia Marko 9:24, yule baba aliyesema anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Mtoto wake aliponywa. Hakuambiwa aende nyumbani akaiongeze imani kwanza, ndipo arudi.

Kwa hiyo badilisha ombi lako. Umeomba muda mrefu kwamba hofu iondoke, na kila asubuhi ukaikagua kama ipo. Kitu ukikikagua kila siku huwezi kukisahau. Mwenyewe miaka ya mwanzo niliombwa kukaa na kikundi cha wajane, nikafunga siku tatu nikiomba nisitetemeke. Nilitetemeka. Nililishika pindo la kitenge changu chini ya meza mpaka likakunjamana lote, na wale kina mama walizungumza, wakalia, wakaniuliza tunakutana tena lini. Tangu siku hiyo naomba kwa ajili ya watu walio mbele yangu. Omba kwa kutaja jina: Bwana, binti huyu leo ajue kusoma tepu. Ombi la namna hiyo utaona limejibiwa au bado, na litakutoa machoni pako mwenyewe.

Halafu mdogo wako. Umeandika sentensi hiyo katikati ya barua kama kitu cha kupita njia, na ukaifuta palepale kwa "yule ni ndugu". Mwanangu, cherehani haijui undugu. Sare ya shule ina kola, ina mifuko, ina pindo la kulingana pande zote, na mzazi wa Kilosa halipi kwa sababu mshonaji ana dada Morogoro. Ulimfundisha mtu, mtu yule sasa anakula kwa kazi hiyo. Mpigie simu wiki hii umuulize maswali mawili: nilianza kukufundisha nini, na ni wapi nilikuchanganya? Majibu yake yaandike. Huo ndio mtaala wako wa kwanza, na umeshajaribiwa.

Kabla sijakupa kazi, niseme hili kwa uzito. Kama pamoja na hofu hii umekosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, huna furaha na chochote, au umewahi kufikiri ni heri usiwepo, usisubiri mazoezi haya. Nenda hospitali ya mkoa uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Kwenda huko hakupingani na maombi.

Sasa kazi. Bandura alipima kujiamini kwa alama 0 hadi 100, na alipima jambo moja moja, hakumuuliza mtu kwa jumla kama anajiamini. Fanya hivyo. Andika: naweza kumfundisha binti mmoja kupima kiuno na nyonga, alama ngapi? Kuendesha cherehani bila uzi, akifuata mistari niliyochora kwenye karatasi? Kukata sketi ya lastiki? Kusimama mbele ya mabinti wanne na kueleza? Nadhani ya kwanza utajipa 80 au 90, na ya mwisho 30. Anza na ile yenye alama kati ya 70 na 80, kwa sababu hapo kuna hofu kidogo ya kukabili na nafasi kubwa ya kufanikiwa. Ukimaliza, jipe alama upya siku hiyohiyo kabla hujalala. Ya 30 iache ilivyo kwa sasa. Itapanda yenyewe zile zilizo rahisi kwako zikipanda.

Wale wazazi watatu, mjibu mmoja. Chagua binti ambaye mtoto wake ana mtu wa kumshika kwa muda wa saa mbili. Mwambie mzazi waziwazi: huna cheti bado, unampokea kwa mwezi mmoja, Jumamosi asubuhi, na mwisho wa mwezi mtaangalia pamoja ameelewa nini. Ukisema ukweli huo mwenyewe, sauti haitakuwa na cha kukutishia nacho.

Mungu alimuuliza Musa ana nini mkononi, naye alikuwa na fimbo ya kuchungia, kitu alichokishika kila siku. Ijumaa jioni toa katoni. Futa vumbi, tia mkasi mmoja mafuta kwenye msumari wake, ujaribu kama bado unakata vizuri kwenye kipande cha kitenge kilichobaki. Jumamosi mpe binti mkasi huo na gazeti, si kitambaa, akate mistari iliyonyooka. Atakata upande, kila anayeanza hukata upande. Mikono itakuwasha kumpokonya ili umwonyeshe. Usimpokonye. Kaa upande wake wa kulia, mwache amalize gazeti zima, kisha uniandikie uniambie alama zako zimekuwa ngapi.