Umeuliza Uanzie Wapi na Wanasesere

Juzi usiku nilikuwa namalizia pindo la baibui la mteja, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa msichana wa Likoni, hapa Mombasa: "Dada, nimeona hadithi zako za picha za wanasesere. Mimi nina mwanasesere mmoja, amekatika mkono, na simu ya kawaida. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari miwili kwa kuwa kazi ilinibana, kisha usingizi ukanikataa. Swali hilo nililiuliza mimi miaka iliyopita, na hakuna aliyenijibu. Basi jibu lake kamili ni hili, na ni lako pia, maana ukiwa unasoma hapa najua nawe una picha kichwani zisizokupa raha.

Mwanasesere wangu wa kwanza nilimtoa soko la Kongowea mwaka 2016, chini kabisa ya rundo la mitumba. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeshikana kama makumbi. Nikamwosha, nikamshonea baibui kwa vipande vilivyobaki kazini, nikamwita Bi Rukia. Ana kimo cha Barbie, kama sentimita 29, yaani mtu mzima umgawanye kwa 6. Hesabu hiyo ishike sana. Kikombe cha kahawa chenye sentimita 6, kwake kinatakiwa kiwe na sentimita 1. Hamri la kawaida likiwekwa mbele yake ni mto wa kulalia, ndiyo maana mimi humkaangia ya kwake kwa unga wa ukubwa wa punje ya mbaazi. Leso nayo ina shida yake: ua moja la mji wake, ile sehemu ya katikati, linammeza mzima. Tafuta kitambaa cha maua madogo madogo, kama yale ya mitandio ya watoto.

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa Bi Rukia anasubiri feri. Nilimpeleka ufukweni, pale Mama Ngina, nikamsimamisha juu ya ukuta ili meli zionekane nyuma yake. Upepo wa kusi ukamwangusha mara ngapi sijui, mpaka nilipojifunza kumfunga waya wa hanga kiunoni, chini ya baibui. Mama muuza mihogo aliniangalia muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hii si mambo ya uganga?" Nikamwonyesha picha kwenye simu, akacheka, akaniwekea pilipili ya ziada.

Nilipiga picha 31. Nilijiona nimemaliza kazi. Dada yangu alizipitia zote, akaniuliza swali moja tu: "Sasa huyu anataka nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepiga picha za mwanasesere aliyesimama mahali tofauti tofauti, basi.

Lakini hilo halikuniuma kama la 2018. Nilisikia kuna ukumbi hapa mjini unapokea kazi za wapiga picha. Nikakopa pesa, nikasafisha picha 10 kubwa, nikazifunga kwa gazeti na kuzibeba kwa tuktuk, nimezishika kama mayai. Mhusika alifungua mbili. Hakufungua ya tatu. Akanirudishia mapajani na kusema, "Dada, hapa hatuweki vitu vya watoto." Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nyumbani nako shangazi yangu alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba mwanamke wa umri wangu hashindi na watoto wa bandia. Bi Rukia alikaa ndani ya sanduku la cherehani karibu mwaka mzima. Mpaka leo nikipita mlango wa ukumbi ule navuka barabara.

Kilichonirudisha ni vikombe viwili. Mume wa shangazi alifariki, na baada ya eda nikaenda kumtazama asubuhi moja. Nikamwona anaweka vikombe viwili mezani, anasimama, anakirudisha kimoja kabatini. Hakusema kitu. Usiku ule nilimtoa Bi Rukia sandukuni.

Picha 6 tu. Bi Rukia ameketi, vikombe viwili mbele yake. Kichwa kimegeukia mlangoni. Makubadhi ya kiume kizingitini, tupu. Mkono wake juu ya kikombe cha pili. Kikombe kimefunikwa kifudifudi. Ya mwisho, kiti kitupu na mvuke wa chai, ambao ulikuwa moshi wa udi. Uso wa mwanasesere haubadiliki, unajua, tabasamu lake ni lile lile msibani na harusini. Huzuni iliingia kwa shingo, kwa mkono na kwa vitu vilivyo mezani. Nilimwonyesha shangazi kwa woga. Alizirudia mara tatu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Makubadhi yalikuwa ya rangi ya kahawia." Tangu siku hiyo hajanicheka, na vibaki vya nguo zake ananiwekea mwenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jua kwanza mtu wako anataka nini, ndipo ushike simu. Shuka mpaka usawa wa macho yake. Igeuze simu juu chini ili kamera iguse sakafu, utaona atakavyoonekana mtu mzima. Jua letu la saa sita linakuja utosini na plastiki inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Piga saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni, kando ya dirisha, na upande wa kivuli usimamishe karatasi nyeupe imrudishie mwanga. Na nasema tena, ujue anataka nini.

Wala usingoje mtu akupe ruhusa. Wapo watakaosema ni mchezo wa watoto. Mimi niliwasikiliza nikapoteza mwaka, na mwaka ule sijarudishiwa na yeyote. Tunazo nyumba zilizojaa visa, bibi zetu wanavisimulia barazani kila magharibi, na sisi tunangoja kamera ya ng'ambo! Piga kwa hiyo hiyo uliyo nayo.

Na huyo wako wa mkono mmoja usimtupe, wala usiufiche ule upande. Mkalishe dirishani jioni, mfunge leso begani, kisha umuulize mkono wake ameuacha wapi, na nani alikuwapo.