Maelezo ya Toleo Jipya: Mtumiaji Aambiwe Mangapi?

SWALI: Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za matumizi ya fedha, na kila tunapotoa toleo jipya tunabishana. Yeye hutaka kuorodhesha kila badiliko, hata la mstari mmoja wa msimbo. Mimi naona sentensi ya "Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji" inatosha, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, nyote wawili mnaandika kwa ajili yenu wenyewe: mwenzako anaonyesha kazi aliyoifanya, nawe unakwepa kazi ya kuandika. Mtumiaji ana maswali mawili tu, yaani kama kuna kitu alichokizoea kitakachobadilika, na kama kuna jambo analopaswa kulifanya. Badiliko linalogusa mojawapo liandikwe. Kupanga upya msimbo na mengine ya namna hiyo yabaki katika orodha kamili ya mafundi, ambayo si vibaya ikiwekwa mahali anapoweza kuifikia yeyote anayeitaka.

Ni kweli kwamba wengi hawasomi, maana simu nyingi hujisasisha zenyewe. Lakini husoma siku programu inapoanza kwenda kinyume na walivyoizoea, na siku hiyo sentensi yako haitawafaa kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Apple ilitoa toleo la iOS 10.2.1, lililopunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla. Sababu yenyewe ilikuwa ya kueleweka. Kilichowaudhi watu ni kwamba hawakuelezwa waziwazi hadi kampuni ilipokiri mwezi Desemba. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa inayolinda walaji iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowafahamisha wateja kwamba masasisho yangeweza kupunguza kasi ya simu zao.

Penye udhaifu wa kiusalama, sema kwamba upo, una uzito gani, na kwamba mtu asisubiri. Namna hasa ya kuutumia udhaifu huo kushambulia inaweza kungoja hadi watumiaji wengi wawe wamesasisha. Microsoft iliziba mwanya wa Windows mnamo Machi 2017 na kutangaza kwamba ulikuwa wa hatari kubwa, na bado kirusi cha WannaCry kilipoenea mwezi Mei kilizikuta kompyuta nyingi ambazo hazijasasishwa. Ikiwa watu huahirisha hata wanapoonywa waziwazi, sijui wangefanya nini onyo likifichwa chini ya maneno "maboresho madogo".

Kuhusu urefu, duka la Google Play hutoa nafasi ya herufi 500 kwa kila lugha, na la Apple hutoa 4,000. Mimi ningeandika kwa kipimo cha lile dogo hata penye nafasi kubwa, nikianza na jambo zito, kwa sababu msomaji huona mistari ya kwanza tu kabla ya kugusa ili kufungua mingine.

Tuseme mmerekebisha kosa la hesabu. "Tumeshughulikia hitilafu ya usawazishaji wa data" ni sentensi ambayo mtumiaji ataipita bila kujua kwamba inamhusu. Andikeni hivi: "Matumizi uliyoyaandika simu ikiwa haina intaneti yalikuwa yakihesabiwa mara mbili baada ya mtandao kurudi. Hilo limekwisha, lakini kagua jumla ya mwezi uliopita, kwa kuwa tarakimu za zamani hazijirekebishi zenyewe." Ukiona ni ndefu, hesabu herufi zake: hazifiki nusu ya nafasi mliyopewa. Na kwa kuwa wapo wanaoruka matoleo mawili au matatu, onyo hilo la kukagua lirudieni katika toleo linalofuata pia.