Maswali yenu: kutundika kazi za nguo

SWALI: Tunaandaa maonyesho ya wiki nane ya wasanii wanne wa nguo: batiki, kanga zilizotariziwa na kazi za viraka. Mara iliyopita tulitumia pini. Nguo zikalegea katikati ya pini na pini, na batiki moja ikapauka upande wa dirishani. Safari hii tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pini huacha nyuzi chache zibebe nguo nzima, ndiyo maana ukingo unafanya mawimbi. Uzito ugawanywe ukingo wote wa juu, na kwa hilo hakuna kinachoishinda Velcro (utepe wa kunatana, upande mmoja laini na mwingine wa vikulabu) ya upana wa sentimita 5. Upande laini ushonwe kwa cherehani juu ya utepe wa pamba wa sentimita 7, kisha utepe huo ndio ushonwe kwa mkono nyuma ya kazi. Sindano idake nyuzi mbili tatu tu, kila baada ya sentimita 1, na uzi usikazwe; ukikazwa, ukingo utajikunja. Upande wenye vikulabu ubaki kwenye ubao. Ukiuweka kwenye nguo utanasa darizi.

Ubao wa inchi moja kwa mbili unatosha. Upake vanishi, uache wiki mbili tatu mpaka harufu iishe, halafu uvike kitambaa cha marekani kilichofuliwa, kwa sababu mbao hutoa asidi inayogeuza pamba kuwa njano. Acha sentimita 2 au 3 kati ya ubao na ukuta. Kuta za pwani zina unyevu, na nguo isiyopata hewa nyuma huingia kawa.

Mikunjo itoke yenyewe: laza nguo usiku mzima. Pasi kwenye batiki ni hatari, maana nta iliyobaki huyeyuka na kuenea kama doa la mafuta.

Kanga zina adabu yake. Pindo zote nne zionekane, na jina, yaani maneno ya kanga, lisomeke bila mtu kuinamisha shingo. Msikunje ukingo wa juu nyuma ya ubao ili nguo itoshe ukutani. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda tuzo ya sanaa ya Uingereza iitwayo Turner mwaka 2017, amechora picha nyingi kwa mpangilio huohuo wa pindo, mji na maneno. Ukikata kimoja, umekata kazi ya msanii.

Kuhusu kupauka: madhara ya mwanga hujumlishwa, wala hayarudi nyuma. Kiwango kinachotumiwa na makumbusho kwa nguo ni lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga). Wiki moja ya lux 400 ni sawa na wiki nane za lux 50, kwa hiyo dirisha moja lililosahauliwa linaweza kumaliza mgao wenu wote kabla ya Ijumaa ya kwanza. Zibeni madirisha, tumieni taa za LED, na pimeni mwanga pale nguo ilipo, si katikati ya ukumbi. Programu ya simu hutoa makadirio tu, lakini ni afadhali kuliko jicho.

Na lebo? “Kitambaa” si maelezo. Andikeni: pamba, nta, rangi, uzi wa hariri, kimo kwanza, upana baadaye. Kama kuna fundi aliyetarizi au kutia rangi, jina lake liwekwe pia, kwa ridhaa yake. Lebo nyingi humsahau.

SWALI: Je, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinatundikwa vivyo hivyo? – Msomaji, Kampala

JIBU: Hapana. Lubugo, yaani kitambaa hicho, haukufumwa, ni nyuzi za gome zilizopondwa zikashikamana, hivyo mshono wa mstari mmoja hutoboa njia ya kuchanikia. Kipande chepesi kibanwe kwa sumaku ndogo juu ya utepe wa chuma, moja kila sentimita 10, huku kipande cha marekani kikikaa kati ya sumaku na gome. Kazi zenye shanga za karatasi, kama zile za msanii wa Uganda Sanaa Gateja, ni nzito: zinahitaji mgongo wa marekani ulioshikizwa kwa mishono iliyotawanyika eneo lote, na Velcro ishonwe kwenye mgongo huo, si kwenye gome. Kabla ya kukata mgongo, ufueni kwa maji ya moto. Marekani ambayo haijafuliwa hunywea ikipata unyevu, na gome likavutika pamoja nayo.