Je, Tumwamini Nelly Dean?

SWALI: Mhariri, kikundi chetu cha usomaji kimefika katikati ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyotoka mwaka 1847, nasi tumegawanyika. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Nelly Dean, mtumishi anayesimulia sehemu kubwa ya kisa, ni mwongo. Sisi wengine tunauliza: tukimkataa yeye, kisa tutakipata kwa nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu ana hoja nzito, na ningependa muipime kwa kurudi kwenye sura ya 9. Catherine, binti wa nyumba anayoitumikia Nelly, yuko jikoni naye, anamwambia kwamba kuolewa na Heathcliff, yatima aliyelelewa naye nyumbani humo, sasa kutamshushia hadhi. Heathcliff amekaa humohumo bila Catherine kujua, na Nelly anamwona akiinuka kwenye benchi na kutoka kimyakimya, kabla hajasikia maneno yanayofuata, ambayo Catherine anakiri jinsi anavyompenda. Nelly anashtuka, anamnyamazisha bibi yake. Anapoulizwa sababu, anasema Joseph, mtumishi mwenzake, amefika na Heathcliff ataingia pamoja naye. Ukweli anautoa baadaye jioni ile, Heathcliff ameshatoweka. Hapo Nelly amemficha Catherine, lakini sisi wasomaji hakutuficha, kwa kuwa habari hii tumeipata kinywani mwake mwenyewe.

Ndiyo maana nisingemwita mwongo. Ni shahidi mwenye lake jambo, anayeyaeleza matendo yake waziwazi na papo hapo kuyatafutia udhuru. Catherine anapojifungia chumbani siku tatu bila kula, Nelly hamwambii Edgar, mumewe, kwa kudhani ni maigizo. Edgar anapogundua hali ya mkewe, anamlaumu vikali, na lawama hiyo pia Nelly anatusimulia.

Tena msimsahau Lockwood, mpangaji anayeyaandika masimulizi haya na ambaye katika sura ya 15 anakiri kuyafupisha kidogo. Ni yuleyule aliyedhani sungura waliokufa ni paka, na mkwe wa Heathcliff kuwa mkewe.

Kisa, basi, mtakipata kwa Nelly huyohuyo, mradi mtenganishe alichokiona na anavyokihukumu. Katika kikao chenu kijacho, mmoja asome sura ya 9 kwa sauti, asimame pale Heathcliff anapotoka, kisha kila mmoja aseme angemwambia nini Catherine wakati ule, mlango ukiwa bado haujafungwa.