Kufundisha watoto wadogo kuhusu familia na watu wanaotuhudumia: nilikosea wapi na sasa hivi nafanyaje

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea nilitoa kopi karatasi ishirini na kitu za picha ya familia, yani baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, wote wanacheka meno nje, nikawagawia watoto na krayoni nikawaambia haya kila mtu apake rangi familia yake. Nikajiona nimemaliza kazi. Sasa napita meza kwa meza naangalia, nakuta binti mmoja wa miaka 4 kapaka yule mtoto wa kike tu, gauni lote limekolea vizuri hata nje ya mstari hajatoka, halafu kaweka krayoni chini kakunja mikono. Nikamuuliza mbona hujamaliza mama? Akanijibu, "Huyu ni mimi. Hawa wengine siwajui."

Alikuwa analelewa na bibi yake. Na kibaya zaidi mimi nilikuwa najua, manake bibi ndo alikuwa anamleta kila asubuhi na ndo aliyejaza fomu zake zote, ila kwenye kichwa changu "somo la familia" lilikuwa ni ile picha. Sikumjibu kitu cha maana siku ile, nilimpa karatasi tupu nikamwambia achore anaowajua, nikaondoka haraka manake aibu nilikuwa nayo.

Tangu siku hiyo ile picha sijaitumia tena. Sikatai kwamba familia ya baba, mama na watoto ipo na ni nzuri, lakini ukiweka watoto 20 mbele yako utakuta wa bibi, wa mama peke yake, wa baba peke yake, wa mjomba, wa mama wa kambo, waliochukuliwa na walezi wakiwa wachanga, anayeishi kwa zamu nyumba mbili, na yule ambaye baba yuko mbali anaonekana kwenye simu tu. Picha moja haiwezi kuwabeba wote hao. Sasa hivi naanza na maswali, na siulizi "nani ni baba yako", nauliza nani anakuamsha asubuhi? Nani anakufunga kamba za viatu? Ukiota ndoto mbaya usiku unamwita nani? Hayo kila mtoto ana jibu lake, na jibu lolote ni sahihi. Kuna mmoja alisema ndoto mbaya anamwita kaka yake kwasababu mama usingizi wake mzito, darasa zima likacheka na yeye mwenyewe akacheka.

Halafu kuna zoezi la vifuniko vya chupa. Kila mtoto anachukua vifuniko kulingana na idadi ya watu anaoishi nao, anavipanga mezani, mkubwa juu mdogo chini, anataja mmoja mmoja. Ni zuri sana manake hapo hapo anahesabu. Ila mara ya kwanza nililifanya vibaya, niliwaita mbele mmoja mmoja, mmoja akaja na vifuniko 11, aliyefuata alikuwa na 2, yeye na mama yake. Akaviangalia viwili vyake, akaangalia kumi na moja vya mwenzie, akarudi kwenye ndoo akachota vingine na kuanza kubuni watu, huyu dada, huyu babu, huyu sijui nani. Sikumwambia anadanganya. Kosa lilikuwa langu, niligeuza familia kuwa mashindano. Sasa kila mtu anapangia mezani kwake na mimi ndo nazunguka nasikiliza, mtoto akinieleza kwa sauti ndogo inatosha.

Kitu kingine ambacho wazazi wengi hawakijui, watoto wa umri huu hawajui undugu unavyorudi upande wa pili. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyesomea sana akili za watoto, alishaliona hili karibu miaka mia iliyopita, unamuuliza mtoto una kaka? Ninaye. Na kaka yako, yeye ana mdogo wake? Hana. Jaribu kwa wako uone. Sio kwamba hana akili, anaangalia kila kitu kutokea pale alipokaa yeye, na kutoka hapo alipo kaka anaonekana ila yeye mwenyewe hajioni. Kwahiyo ukianza kumkaririsha kwamba shangazi ni dada wa baba, mjomba ni kaka wa mama, mama mdogo ni mdogo wake mama, anakariri kama wimbo tu, ndani hamna kitu. Mimi natumia kamba. Mtoto mmoja anashika mwisho huu, mwenzie anashika mwisho ule, tunasema wewe ni dada wa huyu, sasa vuta kamba, na yeye je, ni nani kwako? Kamba ikivutwa kutoka upande wa pili mtoto anaisikia mkononi. Na picha ya mama akiwa mtoto mchanga inafanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Kuna mmoja aliishika akaikodolea macho weee, mwisho akauliza, "Mama alikuwa analia?" Alikuwa analia ndio. Na nani alikuwa anambembeleza? Hapo ndo bibi akaanza kueleweka kwamba naye ni mama wa mtu.

Nigusie na zile kadi za sikukuu ya akina mama na ya akina baba kwa kifupi. Kama darasani una mtoto aliyefiwa au ambaye mzazi mmoja hayupo, usimwambie "wewe mchoree hata shangazi" mbele ya wenzie. Toka mwanzo waambie wote wamchoree mtu anayewalea, atakayeandika mama sawa, atakayeandika babu sawa. Na akiuliza mwenzie kwa sauti "kwani mama yake yuko wapi?" (atauliza tu, hawana siri hawa) jibu ukweli kwa ufupi, mama yake alifariki, sasa anaishi na baba yake. Ukimnyamazisha aliyeuliza wote wanajua kuna kitu cha aibu pale. Ila muulize kwanza mlezi nyumbani wanatumia maneno gani, manake kuna wanaomwambia mtoto "mama amesafiri", na hilo neno kwakweli silipendi, mtoto anakaa anasubiri.

Haya, tuje kwenye watu wanaotuhudumia, nesi, zimamoto, askari, dereva, mzoa taka na wengine. Hapa kwenye vitabu ni yale yale, picha ya mtu na yunifomu yake chini jina, mtoto anakariri kumi anapigiwa makofi. Halafu ukifika nyumbani mtoto huyo huyo anaambiwa ukilia daktari atakuchoma sindano, usipolala polisi anakuja kukuchukua. Wazazi wenzangu hili tuliache jamani, na mimi nilikuwa nalifanya. Siku moja tulimleta askari darasani, mama mmoja mpole kabisa, alipoingia tu mlangoni mtoto mmoja akaingia chini ya meza akawa analia "sitarudia, sitarudia". Hakuna aliyemshtaki. Yule askari alivua kofia, akakaa sakafuni mbali kidogo, akaendelea kuongea na wengine kama hajamuona, ikachukua kama dakika kumi ndo kichwa kikatokeza. Sasa fikiria mtoto huyo apotee kwenye umati, atamkimbilia askari au atamkimbia?

Zimamoto nao wanalijua hili tatizo, ndo maana sehemu nyingi duniani wakitembelea shule wanavaa lile barakoa lao na mtungi wa hewa mbele ya watoto, taratibu, kipande kwa kipande, ili waone ndani ni mtu. Manake kwenye moshi mtoto mdogo anaweza kujificha chini ya kitanda au kabatini, na akiona kitu kikubwa kina uso wa mpira kinapumua kwa mlio ule, anajificha zaidi. Kama huwezi kumpata zimamoto tafuta picha ya mtu aliyevaa na picha nyingine hajavaa, waonyeshe zote mbili, halafu waambie ukimuona huyu usijifiche, piga kelele, sema niko hapa. Tunaigiza kabisa, mimi navaa boksi kichwani.

Sindano je? Usimwambie haiumi. Itauma, na siku nyingine hatakuamini wewe wala nesi. Mwambie itauma kidogo kama kubanwa, utahesabu mpaka tano, itakuwa imeisha. Tunacheza hospitali na mwanasesere, bomba la sindano lisilo na sindano, wanachomana wee mpaka wanachoka, na mara nyingi yule mwoga kuliko wote ndo anataka kuwa nesi kila siku.

Lakini hapohapo nina tahadhari moja na hii sipunguzi. Usimfundishe mtoto kwamba kila mwenye yunifomu ni mwema au kila mtu mzima ni wa kutii. Sisi tunawaambia hivi, mtu mzima anayekusaidia kweli hakuambii "usimwambie mtu nyumbani". Akikuambia hivyo, basi hilo ndo la kwanza kusema. Na wakichanganyikiwa tukiwauliza wakipotea wangemwendea nani, tunafanya mazoezi: simama palepale, ita kwa sauti, kama hawajaja tafuta mtu aliye kazini pale, muuza duka, mlinzi, au mama mwenye watoto. Kwa mtoto wa miaka 4 "mama mwenye watoto" anamuona kirahisi kuliko beji ya mtu kifuani.

Mgeni wetu bora kuliko wote hakuwa daktari wala zimamoto. Alikuwa mzoa taka anayepita mtaa wa shule. Nilimwomba tu aingie dakika tano, akasita, akasema mwalimu mi nitawaambia nini hawa. Akaingia akawaonyesha mkono wake, kuna kovu refu kwenye kiganja, akawaambia hili ni glasi iliyovunjika, mtu aliitupa kwenye mfuko bila kuifunga na mimi nikaushika mfuko. Watoto kimya. Mmoja akauliza ulilia? Akasema nililia kidogo. Wiki ile nilipata simu kutoka kwa wazazi watatu tofauti, mtoto kagoma glasi iliyovunjika isitupwe mpaka ifungwe kwenye magazeti na kuwekwa kwenye boksi. Sijawahi kupata matokeo kama hayo kwa chati ya ukutani, na chati ile niliilaminisha kabisa.

Kwahiyo siku hizi naanza na wale ambao mtoto anakutana nao kweli, anayefagia darasa, mlinzi wa getini, dereva wa basi la shule. Wengine wa mbali mbali watakuja baadaye. Na badala ya yunifomu naweka vifaa kwenye begi, kipimo cha kusikilizia moyo, filimbi, spana, mopu, glavu, mtoto anaingiza mkono bila kuangalia anabahatisha ni cha nani na kinamsaidiaje mtu. Jiandae tu, mopu watakwambia ni ya mama. Hapo ndo pa kuchokonoa. Lugha yetu haina neno la mwanaume na mwanamke kwenye nesi, rubani, fundi, daktari, ni "yeye" tu, ila kichwani mtoto ameshapanga nani ni nani. Mtafiti David Chambers mwaka 1983 alitoa matokeo ya watoto 4,807 walioambiwa wachore mwanasayansi, waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote hao 28 walikuwa wasichana. Mimi sihubiri darasani, nikipata fundi umeme mwanamke au nesi mwanaume namwalika kama mgeni wa kawaida na silitaji hilo kabisa, watoto wanalitaja wenyewe.

Na kuna swali la "baba yako anafanya kazi gani", niliacha pia. Kuna mtoto alijibu "hana" akainamisha kichwa. Nauliza anasaidia nani, na anawasaidiaje. Yule yule akasema baba anamnyanyua babu kitandani kila asubuhi anamuogesha. Tukamuweka baba yake ukutani pamoja na nesi.

La mwisho, na hili ni la nyumbani leo leo. Mtoto ajue jina lako kamili na namba moja ya simu. Namba iwekeeni tuni, yoyote, tarakimu zikiwa kwenye wimbo zinakaa, mimi darasani nazifundisha tatu tatu huku tunapiga makofi. Usiandike jina la mtoto nje ya begi, andika ndani pamoja na namba yako. Usidhani anajua jina lako kwasababu mnaishi nyumba moja. Baada ya kuwafundisha watoto wa watu wiki nzima nilirudi nyumbani kifua mbele nikamuuliza wa kwangu, haya baba yako anaitwa nani? Bila hata kufikiri akanijibu "Baba" halafu akamalizia na jina lake mwenyewe, si ndo ninavyomuita mume wangu kutwa nzima.